Pesa hii ni ya nani? Kubeti mtandaoni na dhamiri ya kijana Mkatoliki



Leo tuongee kuhusu mkeka. Sio ule wa kulalia.

Ukipita Nyakanazi jioni, pale njia za Kahama, Kigoma na Bukoba zinapokutana, utaona vijana wameegesha bodaboda na wote wameinamia simu. Lusahunga ni hivyo hivyo, Benaco hivyo hivyo, na ukifika Kabanga mpakani hali ni ile ile. Wapo wanaochati na wachumba zao, wapo wanaoangalia video, na wapo wanaosubiri dakika ya 90 ya mechi ya nchi ambayo hawajawahi hata kuisoma kwenye ramani. Zamani mtu alitakiwa aende kibandani, aandike mkeka, alipe taslimu. Sasa kibanda kiko mfukoni, na pesa iko kwenye simu hiyo hiyo. Saa nane za usiku, mama amelala, wewe uko macho chini ya shuka na mwanga mdogo tu usoni.

Swali ambalo vijana huuliza kila mara ni hili: kubeti ni dhambi? Wengine wanataka jibu la "ndiyo" ili wamsute mwenzao, wengine wanataka "hapana" ili walale vizuri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki imeligusa jambo hili kwenye namba 2413, na jibu lake linahitaji tulisome polepole. Inasema kwamba michezo ya bahati na kubeti, kwa vyenyewe, havipingani na haki. Halafu inaweka mpaka: vinakuwa vibaya pale vinapomnyang'anya mtu kile anachokihitaji kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea. Na inaonya kwamba tamaa ya kucheza inaweza kumgeuza mtu kuwa mtumwa. Kudanganya katika mchezo ni kosa zito, isipokuwa hasara iwe ndogo sana.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nitashinda?", muulize mtu anayebeti: pesa hii ni ya nani?

Chukua dereva wa bodaboda pale Biharamulo mjini. Pikipiki si yake, ana mkataba. Jioni ana shilingi 14,000 kwenye simu. Anaona salio, anasema "nina kumi na nne". Lakini hebu tuzihesabu. Hesabu ya bosi imo humo. Mafuta ya kesho asubuhi yamo humo. Mchango wa kikoba Jumamosi umo humo, na mtoto anadaiwa daftari shuleni. Ukitoa vyote hivyo, pesa ambayo ni yake kabisa, anayoweza kuipoteza bila mtu yeyote kulala njaa, huenda ni 1,000. Huenda haipo kabisa. Simu haimwambii hivyo. Simu inaonyesha namba moja tu, na ndiyo maana simu ni mshauri mbaya wa fedha. Akiweka ile hesabu ya bosi kwenye mkeka, hapo hatuongelei tena burudani. Tumeshaingia kwenye Amri ya Saba, hata kama mkeka utatiki na ataweza kuirudisha kabla bosi hajapiga simu.

Mwanafunzi aliyetumiwa ada naye yuko hapo hapo. Na mhazini wa kikundi. Na yule anayeshika pesa ya jumuiya (ndiyo, hili tuliseme tu).

Sasa tuongelee namna mchezo wenyewe unavyofanya kazi, kwa sababu wengi tunaamini tunaliwa kwa bahati mbaya. Tuseme mechi moja imewekewa odi hivi: nyumbani 2.50, sare 3.10, ugenini 2.70. Ukitaka uhakika wa kupata 100,000 matokeo yoyote yakitokea, itabidi uweke 40,000 kwa nyumbani, kama 32,300 kwa sare na kama 37,000 kwa ugenini. Jumla ni 109,300. Yaani unalipa 109,300 ili upokee 100,000. Hiyo tofauti ndiyo mshahara wa kampuni, na imo ndani ya odi kabla mpira haujapigwa. Kwa mechi moja hasara hiyo ni ndogo, huioni. Lakini kwenye mkeka wa mechi kumi inazidishana. Kwa odi za namna hiyo, kila 1,000 unayoweka inarudi, kwa wastani, kama 410 tu. Ndiyo maana matangazo yanapenda mkeka mrefu. Na ndiyo maana timu moja tu "inayokuchania mkeka" si mkosi, bali ni kitu cha kutegemewa.

Kile kimchezo cha ndege inayopaa kinatumia njia nyingine: kasi. Hata kama mchezo wa aina hiyo unarudisha 97 kwa kila 100, raundi inaisha kwa sekunde chache. Ukiwa na 5,000 na unaweka 500 kila raundi, baada ya raundi 100 umezungusha 50,000, na wastani wa kuliwa ni 1,500. Fika raundi 300, wastani ni 4,500. Hukuona pesa ikiondoka, maana katikati ulishinda mara nyingi. Zile mara nyingi ndizo zilizokushikilia.

Na wale wanaouza "mkeka wa uhakika" kwenye magrupu? Fikiria kidogo. Mtu anayejua matokeo ya mechi anahitaji nini 5,000 yako? Mchezo wao ni mwepesi: nusu ya watu wanatumiwa timu A, nusu timu B. Kesho nusu moja inaamini wamempata nabii.

Tukija kwenye dalili, wataalamu wa afya ya akili hawahesabu kwanza pesa uliyopoteza. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 una dalili tisa. Mtu akiwa na nne au zaidi ndani ya miezi kumi na miwili, ni tatizo la kutibiwa. Kuna pia kipimo kifupi cha maswali mawili tu, na mimi nakipenda kwa sababu hakina pa kujificha. La kwanza: umewahi kuwadanganya watu wako wa muhimu kuhusu kiasi unachobeti? La pili: umewahi kusikia haja ya kubeti pesa nyingi zaidi na zaidi? Ukijibu "ndiyo" hata kwa moja, usipuuzie.

Kati ya dalili zote, iangalie sana hii ya kutaka kurudisha iliyoliwa. Umeliwa 3,000, unaweka 6,000 ili "nirudishe tu halafu niache". Mtu wa hivi hachezi tena kwa furaha. Anadai deni kwa mashine ambayo haimdai wala haimjui. Ukiona umefika hapo, na una hasira ukiambiwa uache, na umeanza kufuta meseji za miamala ili mkeo asione, basi suala la "kucheza kwa kiasi" limeshapita. Kwa mtu huyo ushauri ni kuacha kabisa, kama vile mlevi haambiwi anywe nusu glasi.

Kingine ni mikopo ya simu. Sisi wa Kagera tunaijua butura: mkulima ana shida, anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anavuna mali ya mtu mwingine. Serikali na vyama vya ushirika wameipiga vita miaka yote. Sasa kijana anayekopa kwenye simu usiku ili abeti anafanya butura ya jasho lake mwenyewe. Wiki ijayo atapakia abiria, atachimba dhahabu, atabeba ndizi, na kila pesa ikiingia kwenye simu inakatwa kabla hajaigusa.

Kwa ambaye hajafika huko na anasema yeye anacheza tu kidogo: kwanza, kama hujatimiza miaka 18, sheria ya Tanzania hairuhusu, na kutumia laini ya kaka ni udanganyifu. Kama umetimiza, kiasi kipangwe mchana, ukiwa umeshiba na umetulia, kabla hujafungua programu. Kitenge kiwe kile ambacho kikipotea chote hakuna atakayekosa kitu. Usibeti kwa mkopo. Usibeti ukiwa na hasira, ukiwa umekunywa au usiku peke yako. Ukishinda, toa pesa, usiiache kwenye akaunti. Na umwambie mtu mmoja kiasi chako. Kama huwezi kumwambia mtu hata mmoja, jibu la lile swali la kwanza umeshalipata.

Kwa ambaye anataka kutoka, kuna mtakatifu wa kumfahamu: Mt. Kamili wa Lellis, Mwitaliano, aliyezaliwa mwaka 1550. Huyu alikuwa askari na mcheza kamari hasa. Aliwahi kufukuzwa kazi hospitalini Roma kwa sababu ya karata na ugomvi. Aliweka nadhiri ya kubadilika, akairudia kamari. Mwaka 1574 huko Napoli alipoteza kila alichokuwa nacho. Husimuliwa kwamba hata shati lilikwenda. Akaishia kuombaomba mlangoni pa kanisa Manfredonia, akapewa kibarua cha ujenzi kwa Wakapuchini. Tarehe 2 Februari 1575, baada ya mtawa mmoja kuzungumza naye, moyo wake uligeuka. Baadaye alianzisha shirika la kuhudumia wagonjwa, na leo ni msimamizi wa wagonjwa na wauguzi. Sikukuu yake ni 14 Julai. Angalia: nadhiri ya kwanza, akiwa bado kwenye maisha yale yale na wenzake wale wale, haikudumu. Ya pili ilikuwa na kazi, na watu wapya, na mtu wa kumweleza ukweli.

Kwa hiyo ukiamua, usiamue moyoni tu. Futa programu. Piga huduma kwa wateja ya kampuni uombe akaunti ifungwe, na uwaandikie pia ili ubaki na ushahidi. Nyingi zina utaratibu wa mchezaji kujifungia. Toka kwenye magrupu ya mikeka. Kwa miezi michache, mpe mtu unayemwamini (mke, mama, dada) akutunzie pesa ya kazi. Nenda kwa padre; siri ya kitubio iko palepale, hatamwambia bosi wako, ila atakuambia urudishe ulichochukua, hata kwa 2,000 kwa wiki. Madeni yaandike yote kwenye karatasi moja, hata yale ya aibu. Na kama umefika mahali unafikiria afadhali ufe kuliko kumkabili baba, usilale na wazo hilo. Mwamshe mtu usiku huo huo, na asubuhi nendeni pamoja hospitali, umwambie daktari ukweli wote.

Kama ni rafiki yako, usimwanzie mbele ya kijiwe. Mtafute peke yake: "Kaka, naona siku hizi hulali, na unakopa kwa kila mtu. Niambie ukweli, sitakucheka." Na usimlipie deni kwa kumtumia pesa kwenye simu. Kama una uwezo, mlipe anayemdai mwenyewe.

Kwa VIWAWA na TYCS mtakaojadili mada hii Jumapili: someni pamoja Yn 19:23-24 na Mdo 1:23-26. Pote pale watu wanapiga kura. Mitume wanampata Mathia. Askari wanaigombea kanzu chini ya msalaba. Jadilianeni: tofauti ni nini, na ile kanzu ilikuwa ya nani?