Kuhamisha Tovuti ni Kuhamisha Amana



Jumuiya yetu imeamua kuihamishia tovuti yake kwenye kampuni nyingine. Baadhi ya ndugu wameuliza: kwa nini tulipe zaidi ilhali ya zamani ingalipo? Nitajibu kwa mlango wa fiqhi tunaousoma darasani: wadia, yaani kitu kilichowekwa amana.

Katika madhehebu ya Shafii, mwenye kupokea wadia hadaiwi fidia ikiharibika bila ya uzembe wake. Lakini ni wajibu wake kuiweka katika hirzi, mahali pa hifadhi panapolingana na kitu chenyewe. Dhahabu haiwekwi zizini. Akiona moto unakaribia, aihamishe. Akiiacha ikaungua ilhali anaweza kuiokoa, atalipa. Wala haimpasi kumkabidhi mtu mwingine bila idhini au udhuru, na ndiyo maana tunawaarifu wanachama mapema.

Amana yetu ni ipi? Ni majina na namba za simu za wanachama, na maswali wanayotuma kwa siri kuhusu ndoa, madeni na maradhi. Mali ikipotea hulipwa. Sitara ya mtu ikivuliwa hailipiki. Hapa Uganda, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Moshi tumeuona. Mara mbili muhula huu wasomaji wetu walipelekwa kwenye matangazo ya kamari. Kampuni haikuwa na nakala ya akiba, na malalamiko yetu hayakujibiwa.

Kwa jumuiya nyingine zitakazohama, mambo manne:

1. Safisha kwanza. Nguo yenye najisi haitahariki kwa kubadilishiwa kabati. Faili lenye virusi likinakiliwa, tatizo linahama nalo.

2. Kagua hirzi mpya. Uliza: nakala ya akiba huchukuliwa kila siku? Programu za seva husasishwa? Tovuti moja ikidukuliwa, jirani zake zimetengwa nayo? Usivutwe na cheti cha HTTPS pekee, kwani Let's Encrypt hukitoa bure.

3. Usibomoe nyumba ya zamani mapema. Nakili, jaribu, ndipo uelekeze jina la tovuti kwenye seva mpya. Mabadiliko ya DNS huweza kuchukua hadi saa 48 kuenea.

4. Funga milango. Badilisha nywila zote, weka uthibitisho wa hatua mbili, futa akaunti za waliohitimu, na jina la tovuti lisajiliwe kwa jumuiya, si kwa mtu binafsi. Mwisho, futa data iliyobaki kwenye seva ya zamani.

Wapo wanaosema, "Tumtegemee Allah tu." Ni kweli, lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mwenye ngamia, alimwelekeza amfunge kwanza kisha ategemee. Kampuni mpya ni kamba nzuri zaidi. Fundo ni juu yetu, kwani nywila dhaifu huifungua seva yoyote.

Wallahu aalam.