Nyanya za Ilula Njiani Kwenda Dar: Maswali Yanayoulizwa Sana

Lori la nyanya likitoka Ilula, mkoani Iringa, linateremka Kitonga, linakutana na joto la Ruaha Mbuyuni, kisha Mikumi na Morogoro. Likifika Dar es Salaam, nyanya za juu zinang'aa na za chini zimekuwa rojo. Lawama anabebeshwa dereva. Mara nyingi anaonewa, maana sehemu kubwa ya hasara ilianzia shambani.

Mbona nyanya huharibika hata isipogongwa?

Kwa sababu iko hai. Ikishachumwa huendelea kupumua: inatumia sukari yake, inapoteza maji na kutoa joto. Kwa kawaida joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo chuma asubuhi, umande ukishakauka, na kila ndoo iliyojaa iende kivulini papo hapo. Nyanya iliyopigwa jua la saa saba pembeni mwa shamba imeshazeeka kabla lori halijawashwa.

Tenga au kreti?

Tenga ni rahisi, hufumwa hapo hapo kijijini, na hakuna anayehangaika kulirudisha. Ubaya wake ni kina kirefu na ubavu unaobonyea. Yakipangwa matatu kwenda juu, mzigo wote hulaliwa na nyanya za chini. Kreti ya plastiki hubeba uzito kwa kuta zake, lakini ikijazwa kupita ukingo faida hiyo haipo: kreti ya juu itakalia nyanya. Kasha la mbao nalo linafaa iwapo misumari haijachomoza na mbao zimepigwa randa. Asiye na kingine zaidi ya tenga alitandike nyasi kavu safi chini na ubavuni, na apunguze ujazo.

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, nayo ni ya ukoo huohuo. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita kwa sababu inampunja mkulima, na wana haki. Ila hata mnunuzi anayejiona mjanja hupoteza: gunia hilo haliinuliki, hivyo hutupwa, na viazi au vitunguu vilivyochubuka ndivyo vinavyotangulia kuoza.

Nichume zikiwa zimeiva?

Za soko la jirani, ndiyo. Za safari ndefu chuma zinapoanza tu kubadilika rangi. Zitamalizia kuiva njiani na sokoni.

Naweza kuchanganya mazao kwenye gari moja?

Inategemea. Ndizi, maembe, parachichi, mapapai na nyanya zinapoiva hutoa gesi ya ethilini, inayoharakisha uivaji wa matunda mengine. Gesi hiyohiyo hufanya mchicha na matango kugeuka njano. Viazi na vitunguu visilale pamoja pia. Tena viazi vinataka giza. Vikipigwa na mwanga hugeuka kijani, na hapo sumu ya solanini huwa imeongezeka. Vyenye kijani kingi usile wala usiuze.

Je, friji ndiyo dawa?

Kwa mchicha na kabichi, ndiyo. Nyanya ambayo haijaiva ikikaa chini ya nyuzi 10 kwa siku kadhaa haiivi vizuri tena na hupata madoa. Ndizi mbichi chini ya nyuzi 13 huwa nyeusi ganda.

Na pasipo na umeme?

Kuna kibanda cha mkaa: fremu ya mbao, nyavu mbili za kuku, mkaa katikati, na maji yanayodondoka juu yake mchana kutwa. Maji yakikauka huondoka na joto, na ndani hubaki pa baridi kuliko nje. Pale hewa ilipo kavu, kama Dodoma, kinafanya kazi vizuri. Tanga au Dar, ambako hewa imejaa unyevu, usikitegemee: tafuta kivuli chenye upepo, toa iliyooza kila siku, na uuze mapema.