Mabomu ya Kuongozwa ya China: Maswali Ambayo Wengi Huuliza

Habari za vita nchini Sudan na mashariki mwa Kongo siku hizi hazikosi kutaja droni na mabomu yanayosifiwa kwa shabaha, na baadhi ya silaha hizo zimeundwa China. Mwananchi anayesikia neno "usahihi" anastahili kujua hasa linabeba nini na linaacha nini.

Bomu la kuongozwa lina tofauti gani na kombora?

Kombora lina injini inayolisukuma angani, bomu halina. Bomu likishaachiwa na ndege huanguka kwa uzito wake na kwa mwendo lililotoka nao. Bomu la kawaida likisukumwa na upepo limepotea, hakuna wa kulirekebisha. La kuongozwa limefungwa vipima mwendo, kompyuta ndogo, na mapezi yanayojipinda kulirudisha kwenye njia yake. Mara nyingi ndani yake ni bomu lilelile la zamani lililokuwa ghalani, ndiyo maana gharama yake huwa chini ya ile ya kombora.

Linajuaje pa kwenda?

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni leza: mtu aliye ardhini, ndege au droni hummulika mlengwa kwa mwali usioonekana kwa macho, na bomu hufuata mwanga unaoakisiwa. Njia hii hufaa hata kwa gari linalotembea, lakini wingu, moshi au vumbi zito huiharibu. Ya pili ni setilaiti: kabla ya bomu kuachiwa huingizwa namba za mahali, yaani latitudo na longitudo, nalo huzifuata usiku na mchana, mvua au jua. Udhaifu wake ni kwamba mawimbi ya setilaiti yanaweza kuvurugwa, na namba zikiwa na makosa, bomu halina uwezo wa kulitambua kosa hilo.

China ilianza lini kuyatengeneza, na kwa nini?

Mwaka 1972 Marekani iliangusha kwa mabomu ya leza Daraja la Thanh Hoa nchini Vietnam, ambalo lilikuwa limesimama licha ya kushambuliwa tangu 1965. China, jirani wa Vietnam, ilianza utafiti wake wa leza katika miaka hiyohiyo ya 1970, ila kazi ilikwenda kwa kusuasua.

Kilichoishtua zaidi ni Vita vya Ghuba vya 1991. Jeshi la Iraq lilikuwa kubwa, lenye vifaru vingi vya asili ya Kisovieti na hata vya China, lakini lilivunjwa baada ya wiki chache za mashambulizi ya anga na saa 100 za vita vya ardhini. Mwaka 1993 Beijing ilibadili mwongozo wake wa kijeshi, ikaagiza jeshi lijiandae kwa vita vya teknolojia ya juu.

Kisha yakaja ya Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia, wakati NATO ikiishambulia nchi hiyo kwa ndege. Usiku wa 7 Mei 1999, ndege ya Marekani aina ya B-2 iliupiga ubalozi wa China kwa mabomu matano ya kuongozwa kwa setilaiti. Waandishi wa habari watatu wa China waliuawa: Shao Yunhuan, Xu Xinghu na mkewe Zhu Ying. Marekani ilieleza kwamba ililenga ofisi ya ununuzi ya jeshi la Yugoslavia na kwamba ramani zake zilikuwa za zamani. China haikukubali maelezo hayo.

Leo China ina mabomu ya aina gani?

Mengi yalijitokeza hadharani mwaka 2006 katika maonyesho ya ndege ya Zhuhai, mkoani Guangdong. LT-2 ni la leza, la kundi la kilo 500. Familia ya FT hutumia setilaiti: FT-1 ni la kilo 500 na FT-3 la kilo 250. LS-6 lina mabawa yanayokunjuka baada ya kuachiwa, na watengenezaji husema huweza kuelea hadi kilomita 60, hivyo rubani hukaa mbali na mizinga ya adui. Baadaye yakaja madogo ya kubebwa na droni, kama FT-9 la kilo 50. Ili isitegemee mfumo wa GPS wa Marekani, China ilijenga mfumo wake wa setilaiti, Beidou, uliokamilika kuhudumia dunia nzima mwaka 2020.

Yamefikaje Afrika?

Kongo ilinunua droni za China aina ya CH-4, zinazoweza kubeba mabomu madogo ya namna hiyo, kwa ajili ya vita vya mashariki mwa nchi. Kuhusu Sudan, shirika la Amnesty International lilieleza Mei 2025 kwamba limetambua mabaki ya bomu la China aina ya GB50A, la kampuni ya Norinco, katika shambulio la droni la 9 Machi 2025 karibu na al-Malha, Darfur Kaskazini, lililoua watu 13. Shirika hilo lilisema silaha hizo karibu hakika zilipitishiwa Umoja wa Falme za Kiarabu. Serikali ya huko ilikanusha.

"Usahihi" maana yake nini hasa?

Ukisoma kwamba bomu lina usahihi wa mita 10, maana yake ni kwamba nusu ya mabomu huanguka ndani ya duara la nusukipenyo cha mita 10. Nusu nyingine huanguka nje yake. Tena hicho ni kipimo cha mahali linapoangukia, si cha mlipuko: vipande vya bomu la kilo 500 huua mbali zaidi ya duara hilo. Kule Belgrade, kwa maelezo ya Marekani yenyewe, mabomu hayakukosea njia. Waliokosea ni waliochagua jengo.

Sheria inasemaje?

Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inamtaka anayeshambulia ahakikishe kwamba mlengwa si raia, na asitishe shambulio akigundua vinginevyo. Mkataba wa Biashara ya Silaha, ambao Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizousukuma Umoja wa Mataifa kuuandaa, unakataza kuuza silaha kwa kujua zitatumika dhidi ya raia. China ilijiunga nao mwaka 2020, kwa hiyo ina wajibu wa kuzuia silaha zake zisielekezwe kwingine.

Mwananchi afanye nini?

Ukiona bomu lisilolipuka au kipande chenye mapezi na nyaya, usikiguse wala usikisogeze. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, toa taarifa kwa mamlaka. Na ukitangaziwa kwamba shambulio lilikuwa "sahihi", uliza ni nani aliyechagua mlengwa, kwa ushahidi gani, na nani aliyekuwapo pale. Teknolojia haijibu maswali hayo. Walioamuru shambulio ndio wanaopaswa kuyajibu.