Kukata Kiuno: Ngoma Ile Ile, Hadhira Nyingine

Wapo wanaoshikilia kwamba unenguaji wa vijana wetu ni uchafu ulioletwa na Wamarekani. Dai hili lina walakini. Miley Cyrus alipozua gumzo kwa kunengua jukwaani mjini New York mwaka 2013, wanawake wa Lamu na Mombasa walikuwa wamekwisha kukata viuno katika chakacha kwa vizazi kadhaa.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kuuliza: fanani ni nani, na hadhira ni ipi? Chakacha ya arusi ilichezwa na wanawake mbele ya wanawake wenzao, leso zikifungwa viunoni. Katika unyago, ambao marehemu Bi Kidude aliufundisha kule Unguja, mwari alipewa mwendo wa kiuno pamoja na maneno yake: nyimbo, mafumbo na maonyo ya kungwi kuhusu mwili na ndoa. Hata tusi lilikuwa somo. (Sisemi kwamba yote yalikuwa mema; wapo waliotolewa unyagoni na kuozwa wangali watoto.)

Baadaye chakacha ilihamia hoteli za watalii. Leo msichana wa miaka 14 hujirekodi akinengua, akaiweka video TikTok, na hadhira yake yaweza kuwa watu asiowajua, asipowafungia mlango. Mwendo anao, kungwi hana. Mwalimu anayepiga marufuku mitindo hii shuleni hushughulika na kiuno tu. Hadhira ile haigusi, na maneno yaliyopotea hayatafuti.