ELIMU YA AFYA: Kuandaa Nyumba kwa Mzazi Aliyebadilishiwa Nyonga au Goti

Upasuaji wa kubadilisha nyonga au goti lililochakaa hufanyika hapa nchini, ikiwemo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Mgonjwa huruhusiwa kurudi nyumbani jeraha likiwa bado bichi na misuli ikiwa dhaifu. Kuanzia hapo, kupona kwake hutegemea sana nyumba anayorudi. Shughuli nyingi za nyumbani hufanyika karibu na sakafu: kigoda jikoni, mbuzi ya kukunia nazi, mkeka barazani na choo cha kuchuchumaa. Kwa mzazi aliyetoka kupasuliwa, vitu hivyo vya kila siku ndivyo vyenye hatari.

Sababu ya hatari

Nyonga bandia ni mfano wa tufe lililokaa ndani ya kikombe. Nyama na kano zinazoizunguka huhitaji muda ili zishikamane upya. Goti likipanda juu kuliko nyonga, au mguu mmoja ukipishanishwa juu ya mwingine, tufe laweza kuchomoka. Kwa hiyo wagonjwa wengi wa nyonga huelekezwa wasiikunje kupita nyuzi 90 kwa wiki 6 hadi 12, kadiri daktari atakavyoamua. Aliyebadilishiwa goti naye hushindwa kuchuchumaa na kuinuka kutoka chini. Huyo asiwekewe mto chini ya goti anapolala, maana goti laweza kuzoea kubaki limepinda.

Kipimo cha kuanzia

Kabla ya siku ya upasuaji, mzazi asimame akiwa amevaa viatu, kisha apimwe kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Kiti, kitanda na choo vizidi kipimo hicho kwa sentimita 5 hivi. Kipimo kikiwa sentimita 43, kiti kiwe na sentimita 48. Kiti kiwe kigumu, chenye mikono ya kujishikiza, kisicho na magurudumu. Kitanda kifupi huinuliwa kwa godoro la pili, au kwa vipande vya mbao vilivyochimbwa katikati ili miguu ya kitanda izame ndani na isiteleze. Mzazi anayeswali au kusali kwa kupiga magoti atumie kiti hicho hicho hadi daktari atakapomruhusu.

Choo

Hapa ndipo familia nyingi huchelewa. Mzazi anayeogopa choo, au anayeona aibu kubebwa na wanawe, hupunguza kunywa maji na kula. Matokeo yake ni kukauka mwili, kufunga choo na udhaifu, naye hatalalamika. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati, kikasimamishwa juu ya shimo la choo, na nguzo mbili za kushika zikakazwa pembeni. Kwa matumizi ya usiku, kiti cha namna hiyo chenye ndoo yenye mfuniko kiwekwe karibu na kitanda.

Njia na ngazi

Mikeka, nyaya na ndoo ziondolewe njiani, na taa iwepo kati ya kitanda na choo. Upana wa milango upimwe mapema, ili fremu ya kutembelea ipite. Kandambili ziachwe, vivaliwe viatu vinavyoshika kisigino. Penye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka.

Yasiyofaa kufanywa

Mguu uliopasuliwa usichuliwe wala kuvutwa, na jeraha lisipakwe dawa yoyote ambayo hospitali haikuitoa. Damu yaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu, na kuchua kwaweza kulisogeza donge hilo hadi mapafuni. Mzazi asilazwe kutwa nzima pia. Atembee kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na afanye mazoezi aliyofundishwa.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mgonjwa apelekwe bila kuchelewa iwapo kigimbi kimevimba na kuuma, pumzi imebana ghafla, jeraha linatoa usaha, kuna homa, au mguu umeonekana mfupi au umegeuka baada ya maumivu ya ghafla.

Mahali pa kupata msaada

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii na zahanati ya karibu waelezwe mapema kuhusu tarehe ya mzazi kurudi, ili usafishaji wa jeraha upangwe. Familia isiyo na uwezo imwone Afisa Ustawi wa Jamii. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na wazee wasiojiweza wana utaratibu wao wa msamaha wa gharama za matibabu.

Kazi ya seremala huchukua siku chache tu. Ikamilike kabla mzazi hajaondoka kwenda hospitali, ili siku ya kurudi akute mahali pa kukaa, pa kulala na pa kujisitiri bila kuhitaji kubebwa.