Biogesi: Pima Kinyesi Kwanza, Mtambo Baadaye

Vijana wengi wenye ng'ombe wa maziwa wananiuliza, "Afisa, nijenge mtambo wa biogesi wa ukubwa gani?" Kiukweli swali hilo linaanzia katikati. La kwanza ni hili: banda lako linatoa kilo ngapi za kinyesi kwa siku? Gesi haitokani na ukubwa wa shimo, inatokana na unachokilisha hilo shimo.

Chukua ndoo na mzani, pima kinyesi kibichi kwa siku 7, halafu tafuta wastani. Ng'ombe wa maziwa anayefugwa ndani muda wote hutoa kama kilo 15 kwa siku. Wa kienyeji anayeshinda malishoni, asubuhi utaambulia kilo 5 hivi, nyingine kaziacha huko huko.

Kilo 1 ya kinyesi cha ng'ombe inatoa takriban lita 35 za gesi. Kwa hiyo ng'ombe 2 wa ndani, kilo 30, wanakupa lita 1,000 hivi. Jiko moja linatumia lita 300 hadi 400 kwa saa, yaani una moto wa saa 3 kwa siku: chai, ugali, mboga na maji ya moto ya kuoshea viwele. Maharage yaloweke usiku kucha, la sivyo yatamaliza gesi yote.

Sasa twende kwenye ukubwa. Kilo 30 unazichanganya na maji lita 30, jumla lita 60 kila siku. Mchanganyiko unatakiwa ukae ndani siku 50 hivi ili bakteria wamalize kazi yao, na sehemu za baridi kama Njombe ukae zaidi. 60 mara 50 ni lita 3,000. Ongeza nafasi ya gesi, mtambo wa mita za ujazo 4 unakutosha. Fundi akikwambia ujenge wa mita 9 kwa sababu familia yenu ni kubwa, hapo unanunua saruji na tofali tu. Mtambo huo unataka karibu kilo 70 kwa siku, yaani ng'ombe 4 au 5 wa ndani. Ukiulisha kilo 30, gesi ni ile ile ya ng'ombe 2, ila deni ni la ng'ombe 5.

Na maji je? Kama unayanunua kwa dumu, yapigie hesabu kabla ya kuchimba. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji.

Kinyesi cha ng'ombe aliyechomwa antibayotiki usikiingize mpaka dawa iishe mwilini, maana itaua bakteria wa mtambo pia. Maji ya sabuni na ya dawa ya kuogeshea, hivyo hivyo. Mchanga na majani makavu toa kwa mkono wakati wa kuchanganya. Gesi ya mwanzo kabisa iachie itoke nje, ina hewa ndani yake na si salama kuiwasha. Kutafuta panapovuja ni kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Halafu kuna tope linalotoka upande wa pili. Hapa ndipo naona vijana wanapoteza hela. Mtambo hautumii naitrojeni, kwa hiyo tope ni mbolea kamili, lita 60 hivi kila siku. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo inakuwa amonia, na ukilianika juani inapaa hewani kwa wingi. Chimba shimo la kupokelea, liwekee kivuli. Mimina kwenye mifereji ya majani ya tembo au migomba jioni, fukia na udongo hapo hapo. Kwenye mboga zinazoliwa mbichi usimwagie majani. Siku ambayo hukuwahi kulipeleka shambani, lichanganye na mabaki ya malisho kwenye lundo la mboji na ulifunike.