Kwa Nini Simu Yadai Kusasishwa?

Somo la mwezi huu ni juu ya neno moja ambalo siku hizi hutokea usoni pa simu za watu wengi, nalo ni neno "sasisha". Limetokana na "sasa", na maana yake ni kukifanya kitu kiwe cha wakati huu. Walakini wengi hulibonyeza pasipo kulielewa, na wengine hulikwepa kama mtu akwepavyo nyoka njiani. Yafaa tulichungue, kwa kuwa simu si chombo cha kuzungumzia tu. Hapa Mkata, mahali njia ya Handeni inapoachana na barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, mwenye kuuza mahindi hupokea fedha zake kwa simu. Akiba ya kikundi hupita humo, na mchango wa arusi, na wa msiba pia. Simu imekuwa sanduku la fedha, basi hatuna budi kujua funguo zake ziko kwa nani.

Kwanza na tuyasikilize maneno ya watu. Keti kitambo kibandani kwa fundi wa simu, utayasikia mambo matatu. Mmoja anena, "Kusasisha kwala bando bure." Wa pili anena, "Tangu nilipokubali, simu yangu imekuwa nzito. Hao wenye kuziunda wataka ninunue nyingine." Wa tatu anena, "Simu nimeinunua kwa fedha yangu. Mtu aliye mbali ana haki gani ya kuingia ndani yake na kubadili mambo?" Maneno haya si ya ujinga. Wenye elimu kubwa huyanena hayo hayo, ila kwa maneno marefu zaidi.

Sasa tuulize, programu ni nini? Ni maagizo yaliyoandikwa na wanadamu, mstari kwa mstari, ya kuiambia mashine la kufanya: mtu akigusa hapa, onyesha hiki, akiandika namba ya siri, ilinganishe na ile iliyowekwa. Simu yenye Android ina mamilioni ya mistari ya namna hii, wala hapana watu wawezao kuandika mengi kiasi hicho pasipo kukosea. Makosa mengine hayadhuru mtu. Mengine ni kama tundu katika ukuta wa ghala: mwenye ghala halioni, panya alijua. Waundaji wakiligundua tundu, huandika kiraka cha kuliziba, wakakipeleka kwa simu zote kwa njia ya mtandao. Hicho ndicho kilichomo ndani ya masasisho mengi, hata kama kwa macho hatuoni lililobadilika.

Na hapa pana jambo ambalo naomba msomaji alisome mara mbili. Kiraka kikiisha kutolewa, wezi nao hukisoma. Huilinganisha programu ya jana na ya leo, wakaona palipozibwa, ndipo wakajua tundu lilikuwa wapi. Kisha huenda kuwatafuta wale ambao hawajaziba. Kwa hiyo siku kiraka kinapotoka, hatari ya mwenye kukawia haipungui, bali yazidi.

Tuna mfano ulio wazi. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa katika Windows. Watu wengi hawakukitia. Hata ilipofika tarehe 12 Mei mwaka ule ule, programu ya uovu iliyoitwa WannaCry ikapita katika tundu lile lile, ikaenea katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi zipatazo 150, ikayafunga mafaili ya watu na kudai malipo ili kuyafungua. Huko Uingereza hospitali nyingi zilishindwa kusoma habari za wagonjwa wao. Miadi ya wagonjwa ikadhaniwa kuvunjwa 19,000 na zaidi. Kiraka kilikuwapo tangu karibu miezi miwili. Hawakukosa dawa, dawa ilikuwa rafuni.

Je, basi kila sasisho ni jema? La, hasha. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kuzilinda kompyuta, ilipeleka sasisho lenye kosa, na kompyuta zipatazo 8,500,000 zikaanguka kwa siku moja. Ndege zikakaa uwanjani, hospitali na mabenki yakahangaika. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyeubomoa mlango! Tena yule mtu wa pili pale kibandani, alalamikaye ya kuwa simu yake imekuwa nzito, asichekwe. Mwezi wa Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri ya kuwa sasisho lake lilipunguza mwendo wa simu kadhaa za zamani ambazo betri zake zimechakaa. Wakasema walifanya hivyo ili simu zisizimike ghafula, na huenda ni kweli; lakini hawakuwaambia wenye simu waziwazi, na kwa ajili hiyo mwaka 2020 serikali ya Ufaransa iliwatoza faini ya euro 25,000,000. Mtu akichokonoa kitu changu usiku pasipo kuniambia, hata akiwa na nia njema, mimi nitauliza maswali.

Na yule wa tatu? Yeye ameshika jambo zito kuliko wote. Nchi yetu ilikwisha kulijaribu jibu lake. Kompyuta ya kwanza ililetwa Tanzania mwaka 1965, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Lakini kazi ya hesabu haikwenda kama ilivyotumainiwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baadaye mlango ulifunguliwa tena, kwa maana dunia haikungoja. Kukataa kabisa kuliwezekana wakati ule, kompyuta zilipokuwa chache na za serikali. Leo zimo mifukoni mwa wachunga ng'ombe, na ni nani atakayezikusanya? Hata hivyo swali lake lingali limesimama, kwa kuwa waundaji wana uwezo juu ya chombo baada ya kukiuza. Wao ndio waamuao chombo kitashonewa viraka hata lini. Simu za bei kubwa huahidiwa miaka saba; simu nyingi za bei ndogo, ambazo ndizo zetu, hupata miaka miwili hivi, nyingine hazipati kabisa. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka sheria, iliyoanza tarehe 20 Juni 2025, ya kuwa programu ya simu ipewe masasisho kwa muda usiopungua miaka mitano tangu simu za namna hiyo zikomapo kuuzwa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo wabunge wetu wangepaswa kulidai, kuliko kuwalaumu watu kwamba hawasasishi. Serikali hushindwaje? Mwezi wa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ilizifungia simu bandia nchi nzima. Kama yaweza kuikataa simu iliyo bandia, yaweza pia kumwuliza mwuzaji, "Hii itashonewa viraka hata mwaka gani?"

Wengine watauliza habari za kitochi, maana wazee wengi hapa wanacho hicho tu. Wasifadhaike. Mtu anapobonyeza *150*00# na kuona orodha ya M-Pesa, orodha ile haikai ndani ya kitochi; inakaa katika mashine za kampuni ya simu, nayo kampuni ndiyo iishonayo. Kwa hiyo kitochi cha miaka kumi hupeleka fedha sawasawa na kipya, wala hakidai bando la kusasisha. Ila hapana chombo chenye kiraka cha kumziba mdomo mdanganyifu. Ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii" huingia kitochini na katika simu kubwa vilevile. Ukipata wa namna hiyo, upeleke kwa namba 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya kuwafungia watu hao, wala usimjibu.

Sasa turudi kwa yule wa kwanza, mwenye kulilia bando lake. Ni kweli, masasisho hula bando, na kwa mtu anunuaye MB mia kwa siku hilo si jambo dogo. Lakini hayalingani. Sasisho la Android nzima, lenye kubadili sura na mambo mengi, laweza kuwa kubwa mno. Hilo lingoje mpaka upate Wi-Fi kwa mtu, kwa mfano ukienda Korogwe au Tanga. Viraka vya ulinzi ni vidogo zaidi. Na programu mojamoja haziwi na uzito sawa: ile ya benki au ya fedha, na kivinjari, na WhatsApp, hizo zitangulie, mchezo wa watoto waweza kungoja hata mwaka ujao. Ingia katika mipangilio ya Play Store, uiambie isisasishe yenyewe kwa bando, kisha chagua kwa mkono wako mwenyewe. Ndipo fedha yako itakwenda mahali unapotaka.

Tena angalia kiraka kinatoka kwa nani. Sasisho la kweli hutoka katika mipangilio ya simu yenyewe au katika Play Store. Halitoki katika ujumbe wa rafiki usemao, "Bonyeza hapa upate WhatsApp mpya ya rangi ya dhahabu." Vijana wetu wengi hutumia GBWhatsApp kwa sababu ina mapambo. Nawaambia, hiyo haikuundwa na wenye WhatsApp. Walioiunda wanaweza kuyasoma mazungumzo yako wakitaka, na wenye WhatsApp waweza kuifunga namba yako siku yo yote.

Limebaki jambo la kuzungumza katika vikundi na katika wazee wa usharika. Fedha za wengi zinakaa katika simu ya mweka hazina mmoja. Mwulizeni kwa upole simu yake ilipata kiraka lini mara ya mwisho. Tarehe hiyo huonekana katika mipangilio, mahali palipoandikwa habari za simu. Ikiwa imepita miaka miwili au mitatu, msimlaumu, kwa maana si yeye aliyeiacha, bali waundaji. Jadilini kama mtachanga ili kununua nyingine, au kama fedha ya kikundi itahamishwa kwa laini iliyo katika kitochi, chenye kazi hiyo peke yake, nacho kikae kwa mtu mmoja na namba ya siri kwa mwingine.